Ridhaa, Malipo na Ustahiki: Kanuni za Michezo ya Vyuo na Mwanariadha wa Meru na Embu

Utangulizi

Kiswahili cha michezo kina istilahi mbili ambazo msikilizaji wa redio na msomaji wa gazeti hukutana nazo mara kwa mara: mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. Tumezizoea kiasi kwamba hatuzitafakari. Hata hivyo, kwa kijana anayemaliza kidato cha nne huku akitumaini kwamba miguu yake itamfikisha chuo kikuu ng'ambo, tofauti baina ya istilahi hizi inaweza kuamua ikiwa atasoma au hatasoma. Makala haya yanadhamiria kueleza kanuni za ridhaa na za ustahiki wa kushiriki katika michezo ya vyuo, chimbuko lake, zilivyobadilika, na zinavyomgusa mwanariadha kutoka Meru na Embu.

Eneo hili limechaguliwa kwa sababu maalumu. Juu ya mji wa Embu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, kipo Chuo cha Walimu cha Kigari. Kwa miaka mingi chuo hiki kimekuwa kambi ya timu ya taifa ya mbio za nyika inapojiandaa kwa mashindano ya dunia. Katika mazingira yale yale ya walimu wanafunzi hufanya mazoezi wanariadha ambao riadha ndiyo kazi yao: askari polisi, wanajeshi, maafisa wa magereza na wengine wenye mikataba na kampuni za viatu. Upande wa kaskazini, katika Kaunti ya Meru, ipo hifadhi ya Lewa, ambako marathoni imekuwa ikikimbiwa tangu mwaka 2000. Baina ya sehemu hizi mbili vimechipuka vyuo vikuu vinne katika muda mfupi: Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2006, Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Kwa hiyo hapa mwanafunzi, mwanariadha wa ridhaa na mwanariadha wa kulipwa huonana kila siku, na mara nyingine huwa ni mtu mmoja.

Maana ya ridhaa

Neno ridhaa lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili lina jamaa wengi: ridhia, ridhisha, radhi, uradhi. Maana yake ya msingi ni kukubali jambo kwa moyo mkunjufu pasi na kulazimishwa. Ndiyo maana twasema mkataba hauwi mkataba pasipo ridhaa ya pande zote, na ndoa haifungwi pasipo ridhaa ya wawili. Ni vyema msomaji asilichanganye na neno riadha, ambalo pia lilitoka Kiarabu lakini lina mzizi mwingine, ingawa maneno haya mawili hukaribiana kwa sauti na hukutana uwanjani.

Waingereza walipotaka kumtaja mchezaji asiyelipwa walikopa kutoka Kifaransa neno ambalo asili yake ya Kilatini ni mpenzi, yaani mtu afanyaye jambo kwa kulipenda. Waswahili hawakutafsiri upendo, walichagua kukubali. Uteuzi huu una uzito kuliko unavyodhaniwa. Mchezaji wa ridhaa, kwa mujibu wa lugha yetu, ni yule aliyekubali mwenyewe kucheza. Neno lenyewe halisemi lolote kuhusu fedha; fedha zimeingizwa na matumizi.

Kinyume cha mchezaji huyu, katika michezo ya shule nchini Kenya, si tu yule wa kulipwa bali pia mamluki. Hili ndilo jina anapewa mchezaji anayechezeshwa na shule au chuo ambacho hana haki ya kukichezea: amepita umri, hakusajiliwa masomoni, au ameazimwa kwa siku moja ili kombe lipatikane. Asili ya neno mamluki ni Kiarabu, kwa maana ya mtu anayemilikiwa. Mamluki waliotawala Misri kuanzia mwaka 1250 hadi 1517 walitokana na askari watumwa. Hivyo basi, Kiswahili kimeweka pande mbili za michezo katika maneno mawili: upande mmoja yuko anayecheza kwa kukubali kwake, na upande wa pili yuko anayecheza kwa kumilikiwa na mwingine. Wahenga walikwisha kusema kuwa hiari yashinda utumwa.

Chimbuko la kanuni

Kanuni ya ridhaa katika michezo ya kisasa ilizaliwa Uingereza katika karne ya 19, na haikuzaliwa ikiwa safi. Mwaka 1879 waandalizi wa mashindano ya makasia ya Henley waliweka sharti lililowazuia mafundi, watu wa kazi za mikono na vibarua kuhesabiwa kuwa wachezaji wa ridhaa, hata kama hawakuwahi kulipwa senti moja kwa kupiga makasia. Aliyeweza kucheza bila kulipwa ni yule aliyekuwa na mali ya kumtosha. Kilichoitwa usafi wa michezo kilikuwa pia uzio wa tabaka.

Uzio huo uliwahi kumwangukia mwanafunzi. Jim Thorpe, Mmarekani mwenye asili ya Wahindi Wekundu aliyesoma Carlisle, alishinda dhahabu mbili katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Mwaka uliofuata alipokonywa kwa sababu alikuwa amecheza besiboli kwa malipo madogo mwaka 1909 na 1910. Alifariki mwaka 1953 kabla ya kurejeshewa heshima yake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimrudisha kama mshindi mwenza mwaka 1982, na ilipofika mwaka 2022 ndipo ilipomtambua kuwa mshindi pekee.

Mwaka ule ule wa 1912 liliasisiwa shirikisho la dunia la riadha, likaliweka neno la ridhaa ndani ya jina lake. Polepole kanuni ikalegea. Mwaka 1982 shirikisho hilo liliruhusu malipo ya wanariadha kuwekwa katika hazina maalumu, na mwaka 2001 likaliondoa neno hilo katika jina lake. Olimpiki nayo, kuanzia miaka ya 1980, ikayaachia mashirikisho ya kila mchezo yaamue ni nani anayestahiki.

Ridhaa katika riadha ya Kenya

Kenya iliipokea kanuni hii kutoka kwa wakoloni. Chama cha riadha kilichoundwa nchini mwaka 1951 nacho kilikuwa na neno la ridhaa katika jina lake, hadi kilipokuja kuitwa Athletics Kenya. Lakini kwa vitendo, ridhaa ya Kenya ilikuwa na sura yake. Wanariadha wetu wengi mashuhuri waliajiriwa na polisi, jeshi na magereza. Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968 na 1972, alikuwa mkufunzi wa mazoezi katika polisi. Mshahara ulikuwa wa askari, lakini mbio ndizo zilizompa jina. Kwa macho ya sheria alikuwa mwanariadha wa ridhaa.

Mpaka ulidhihirika baada ya hapo. Keino alijiunga na msururu wa mashindano ya kulipwa ulioanzishwa Marekani mwaka 1972. Ben Jipcho alifuata mwaka 1974, baada ya kutwaa dhahabu mbili na shaba moja katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch. Kwa kupokea malipo ya wazi, walijifungia mlango wa Olimpiki. Msururu huo wenyewe ulivunjika mwaka 1976. Leo mwanariadha anayepiga kambi Kigari hana haja ya kuchagua baina ya kulipwa na kuiwakilisha nchi. Isipokuwa akiwa mwanafunzi, au akitaka kuwa mwanafunzi, Marekani.

Masharti matatu ya ustahiki

Michezo ya vyuo nchini Marekani husimamiwa kwa kiasi kikubwa na chama cha kitaifa kinachojulikana kwa kifupi kama NCAA, kilichoasisiwa mwaka 1906. Wakenya wameacha alama humo. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978. Sally Kipyego alitwaa mataji 9 ya kitaifa akiwa Texas Tech, na Edward Cheserek akatwaa 17 akiwa Oregon. Kanuni zilizowaongoza zinaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la usomi. Mwanariadha sharti awe amehitimu shule ya upili, awe amefaulu masomo yanayotambuliwa, awe amesajiliwa kama mwanafunzi wa wakati wote, na aendelee kufaulu kila mwaka. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne hupelekwa kukaguliwa kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kushindana. Fungu hili halina ubishi mkubwa: chuo ni mahali pa kusomea.

Fungu la pili ni la muda na umri, nalo ndilo ambalo vijana wetu hulijua kidogo zaidi. Kwa miongo kadhaa mwanariadha wa Daraja la Kwanza amepewa misimu minne ya kushindana, itumiwe ndani ya miaka mitano. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakimbiaji wa Afrika Mashariki waliotawala mbio za vyuo wengi wao walikuwa watu wazima. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1953, alishinda taji la mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa mwanafunzi mjini El Paso. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitumika kanuni iliyohesabu kila mwaka wa mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20 kuwa msimu mmoja uliokwisha kutumika. Baadaye kipimo kikahama kutoka umri hadi tarehe ya kumaliza shule. Mwanariadha alipewa mwaka mmoja wa neema baada ya kuhitimu. Akishindana rasmi baada ya hapo, alipoteza msimu kwa kila mwaka.

Na mashindano rasmi ni yapi? Maelezo ya kanuni hiyo ni mapana mno. Palipopangwa ratiba mapema, palipowekwa mpima muda au mwamuzi, palipo na mdhamini, au palipovaliwa sare ya timu, mashindano yamekuwa rasmi. Moja tu kati ya hayo latosha. Tumfikirie kijana wa Igembe au wa Manyatta aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba. Karo ya chuo hana, na barua ya ufadhili haijaja. Anakimbia mbio za wikendi za Athletics Kenya, kisha mbio za barabarani, kisha za nyika za kaunti, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, akitumaini kwamba kocha fulani wa Marekani atauona muda wake. Kila mbio inampa muda mzuri zaidi wa kumshawishi kocha. Papo hapo, kila mwaka unaopita unampunguzia misimu ambayo kocha huyo angeweza kumtumia. Ngazi anayopandia ndiyo inayokatwa vipawa nyuma yake, na hakuna aliyemwambia.

Fungu la tatu ni la malipo, na hapa ndipo ridhaa ilipowekewa ulinzi mkali. Kwa muda mrefu mwanariadha alipoteza ustahiki akitumia kipawa chake cha michezo kupata malipo ya namna yoyote, akitia saini mkataba na wakala, au akipokea zawadi ya fedha inayozidi gharama halisi alizotumia kushiriki. Hebu tuyatazame masharti haya kutoka Meru. Bahasha ya mshindi wa mbio za barabarani hulipa karo ya ndugu na deni la duka. Wakala humpatia kijana viatu na nauli. Ajira katika kikosi cha ulinzi ndiyo ndoto ya mzazi. Mambo haya matatu, ambayo huku tunayaita bahati, yaliweza kuwa makosa mbele ya karatasi ya ustahiki.

Ridhaa yavunjika, lakini si kwa wote

Utetezi wa kanuni ya malipo ulikuwa kwamba inamlinda mwanafunzi asigeuzwe bidhaa. Utetezi huu haupaswi kubezwa, kwa maana chuo kinachonunua miguu bila kujali kichwa hakifai kuitwa chuo. Walakini, historia inautilia shaka. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho kuanzia mwaka 1951 hadi 1988, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1995 kwamba istilahi ya mwanafunzi-mwanamichezo ilibuniwa ili wachezaji wasihesabiwe kuwa wafanyakazi wanaostahili fidia wanapoumia. Sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuutia maanani mfano huu: istilahi iliundwa si ili kueleza hali, bali ili kuzuia dai.

Mnamo Juni 21, 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja, majaji 9 kwa 0, dhidi ya chama hicho katika kesi ya Alston kuhusu mipaka ya manufaa ya kielimu. Kuanzia Julai 1, 2021, wanamichezo wa vyuo waliruhusiwa kuvuna fedha kutokana na majina na picha zao. Kisha mnamo Juni 6, 2025, mahakama iliidhinisha mapatano katika kesi ya House: takriban dola bilioni 2.8 kama fidia ya miaka iliyopita, na ruhusa kwa kila chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi kiasi cha dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza.

Je, mwanariadha wa Kenya amenufaika? Hapa pana kinaya. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo, na viza hiyo humzuia kufanya kazi nje ya chuo isipokuwa kwa idhini maalumu. Kazi za ndani ya chuo nazo huwekewa kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mwenzake Mmarekani anaweza kutangaza viatu na kulipwa. Yeye akifanya vivyo hivyo anahatarisha ukaazi wake. Kwa hivyo kanuni ya ridhaa ilipoporomoka uwanjani, ilibaki imesimama katika ofisi ya uhamiaji. Kwa vyuo vilivyojiunga na mapatano ya 2025, mipaka ya idadi ya wachezaji nayo ilianza kutumika: 17 katika mbio za nyika na 45 katika riadha ya uwanjani. Nafasi zikihesabiwa, na fedha zikielekezwa zaidi kwenye kandanda ya Kimarekani na mpira wa vikapu, mkimbiaji wa masafa marefu hana budi kuwa na habari kamili kabla ya kufunga mizigo.

Vyuo vyetu vinasemaje?

Nyumbani mkondo ni tofauti. Michezo ya vyuo vikuu nchini, pamoja na ile ya dunia inayosimamiwa na FISU, haimuulizi mwanafunzi amelipwa nini. FISU huuliza mambo mawili makuu: je, ni mwanafunzi wa kweli au aliyehitimu karibuni, na je, umri wake uko ndani ya mipaka, ambayo katika mashindano ya miaka ya karibuni imekuwa miaka 18 hadi 25. Ndiyo maana timu za raga za vyuo kama vile Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Leos ya Strathmore zimecheza katika ligi kuu ya taifa dhidi ya klabu za kawaida bila mtu kuona ajabu. Hatari inayotukabili si malipo, ni umamluki: kusajili mtu kwa ajili ya mashindano tu, asiyeingia darasani wala kuketi mtihani. Chuo kinachofanya hivyo humdhulumu mwanafunzi halali aliyenyimwa nafasi, na humdhulumu hata mamluki mwenyewe, kwa sababu msimu ukiisha humwacha bila cheti.

Kwa mantiki hiyo, mfumo wetu umekaribia maana asilia ya ridhaa kuliko ule wa Marekani ulivyokuwa. Hauuzuii mfuko wa mchezaji. Unadai uanafunzi wake. Tunachokosa ni ukaguzi wa dhati na maelezo ya wazi kwa wachezaji.

Ridhaa ni kukubali kwa kujua

Hapa ndipo taaluma yetu inapohusika. Ikiwa ridhaa ni kukubali, basi hapana kukubali pasipo kujua. Kijana anayetia saini fomu ya ustahiki iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, mbele ya wakala mwenye haraka, ametoa saini lakini hajatoa ridhaa. Mzazi wake, ambaye pengine ndiye atakayeuza ng'ombe ili nauli ipatikane, hana hata saini ya kutoa. Kabla ya hapo, yafaa maswali manne yapate majibu kwa lugha wanayoielewa wote wawili. Nimebakiwa na misimu mingapi kwa kuzingatia mwaka niliomaliza shule? Zawadi na mikataba niliyokwisha kupokea inahesabiwaje? Ufadhili huu ni wa mwaka mmoja au ni wa hadi nitakapohitimu, na nikiumia utaendelea? Viza yangu inaniruhusu kupokea nini? Na kwa kuwa kanuni hizi zimebadilika karibu kila mwaka tangu 2021, majibu yatafutwe katika ofisi ya ustahiki ya chama chenyewe na ya chuo husika, si kwa wakala peke yake.

Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Chuka, Embu na Meru wanaweza kutoa mchango ambao makocha hawawezi. Tunaweza kutafsiri na kufafanua masharti haya katika kurasa chache za Kiswahili sanifu, zikasambazwa katika shule za upili na kambi za mazoezi. Istilahi tunazo: ustahiki, msimu wa ushiriki, mwaka wa neema, mashindano rasmi, ufadhili wa masomo. Kinachohitajika ni kuzikubalia maana moja na kuzitumia kwa uthabiti. Kazi ya namna hii haitapungukiwa na usomi kwa kuwa ni ya manufaa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kanuni ya ridhaa ilianza kama uzio wa tabaka, ikageuzwa kuwa ngao ya taasisi, na sasa imevunjika kwa baadhi ya watu huku ikiwabana wengine. Yameonyesha pia kuwa masharti ya usomi yana haki ya kudumu, ilhali masharti ya muda na ya malipo yamemwathiri kijana wa Meru na Embu bila yeye kuyajua. Lugha yetu, kwa kuchagua neno la kukubali badala ya neno la kutolipwa, ilikwisha kutupa kipimo kilicho bora: mwanamichezo wa ridhaa ni yule anayejua anachokiingia na akakiingia kwa hiari yake. Kijana anayepanda kilima cha Kigari alfajiri anastahili kupimwa kwa kipimo hicho. Sisi tulio na lugha tunawiwa kumpa maelezo kabla hajapewa kalamu.